Meno ya Kinanda

Jumatatu, kipindi cha nne, Kidato cha Tatu B.
Nimeandika ubaoni: Wapinga Utumwa wa Marekani.
Chaki imekatika kwenye herufi ya mwisho.
Nje, upande wa Dunda, fundi anagonga bati
na kila nikitaja mwaka, anaugonga.

Nikafunga kitabu. Nikawasimulia Kezia.
Kezia hayumo kitabuni, nimemtunga mimi usiku,
maana kitabu kina wanaume na miaka tu,
na mwaka hauna mume, wala hauumwi mgongo.

Kezia aliacha sukari wiki aliyoolewa.
Alisema ndani ya kila kijiko anaona mtu kainama.
Akaacha na pamba: Julai yote kavaa sufu,
jasho linamchuruzika kanisani, wenziwe wanakonyezana.
Mumewe akamwambia, mke wangu,
dunia haigeuki kwa chai chungu.
Akamjibu, basi wewe kunywa yako tamu.

Darasa likaangua kicheko. Kibwana akapiga meza.

Alhamisi jioni wanawake walijaa sebuleni kwake,
kumi na wawili, mmoja ana mtoto wa kunyonya.
Walifuma soksi za kuuza, fedha ziwafae waliotoroka;
wakaandika maombi marefu kama mkeka
kwa wabunge wasiosoma barua za wanawake.
Mmoja alitaka pombe ipigwe marufuku:
jicho lake lilikuwa limevimba, hakuna aliyemuuliza.
Mwingine alitaka kura.
Wa tatu alitaka tu dirisha lifungwe.
Kisha, kabla ya kuagana, Kezia alifunua kinanda
ili waimbe wimbo wa uhuru,

nami nikanyamaza.

Kinanda kina meno.
Meno meupe, baridi, yaliyopigwa msasa,
na kabla hayajawa meno yalikuwa pembe,
na pembe zilipita hapa, Bagamoyo,
hapo hapo panapouzwa vocha na chipsi mayai.

Mhoja alizibeba. Naye nimemtunga,
lakini sugu ya begani mwake sikuitunga.
Miezi mitatu kutoka Unyamwezi, pembe begani,
nyuma yake watu wamefungwa shingo kwa shingo,
na yeye, asiyefungwa, haruhusiwi kukaa.
Alipofika akalipwa mikono minane ya merikani.
Akaunusa mtumba ule mpya, ukanuka wanga na meli.
Ilikuwa pamba ile ile aliyoikataa Kezia,
imefumwa na binti anayeamka gizani kwa kengele ya kiwanda,
binti ambaye mwaka huo huo aligoma, akatoka na wenzake barabarani
wakidai siku ya kazi iwe na mwisho.

Mwamvua, wa dawati la nyuma, hanyooshi mkono kamwe.
Leo kanyoosha. "Mwalimu, Kezia alijua?"
Nikasema, sijui.
"Si umemtunga wewe? Mfanye ajue."

Kengele ikalia. Wakatoka mbio kama maji ya bomba lililopasuka,
wakaniachia ubao na fundi wa bati.

Usiku, nyumbani Mwanamakuka, nimejaribu.
Nimemkalisha Kezia mbele ya kinanda.
Nimemwambia: hili la kushoto, lenye ufa, limetoka begani kwa Mhoja.
Wanawake wanamngoja aanze. Mtoto analia.
Kezia kainua mikono, kaiacha hewani.
Nikimwambia afunge kinanda, wimbo utakufa.
Nikimwambia apige, itakuwaje?
Nimemwacha hivyo, mikono juu, tangu saa mbili.

Chai yangu imepoa. Nimeshika kijiko cha sukari.
Baba yake Kibwana hukata miwa huko bondeni kwa kibarua;
Kibwana huja shule siku tatu kwa wiki,
na leo ndiye aliyecheka kuliko wote.
Sijawahi kumuuliza baba yake analipwa kiasi gani.

Jumatano wana kipindi changu tena.
Mwamvua atakaa mbele, naogopa.
Nimekirudisha kijiko koponi, nimekitoa,
nimekirudisha.